Familia Ni ya Nini? Waulizeni Wasio na Watoto

Kwenye harusi za Moshi, keki ikishaliwa na zawadi zikishatolewa, hakosekani mzee wa kushika maiki na kuwaambia maharusi, "Wanangu, mwakani tunakuja kula mtori." Mtori ni chakula cha mama aliyejifungua, kwa hiyo kila aliye ukumbini anaelewa kinachodaiwa. Vigelegele vinapigwa. Saa chache kabla ya hapo, kanisani, watu hao hao waliwasikia maharusi wakiahidiana uaminifu katika raha na shida, katika afya na ugonjwa, mpaka kufa. Kama ibada ilikuwa ya Kikatoliki, padre aliwauliza pia kama wako tayari kuwapokea kwa upendo watoto watakaojaliwa na Mungu. Swali hilo linapima utayari tu. Maharusi wakiwa wazee, kitabu cha ibada kinamruhusu padre aliruke, na ndoa yao haipungui kitu.

Kwa siku moja, basi, maharusi wamepewa majibu mawili ya swali moja: familia ni ya nini? Kanisani wameambiwa ni ahadi ya watu wawili mbele za Mungu, na watoto wakija ni baraka juu yake. Ukumbini wameambiwa ni deni la ukoo, tena deni lenye tarehe ya kulipwa. Wengi wetu hatuoni tofauti yake. Ndiyo maana mwaka wa tatu ukipita bila mimba, mama mkwe anaweza kumwambia mwanawe kwamba ndoa bila mtoto si ndoa, akaamini kwa moyo wake wote kuwa anarudia neno la kanisa.

Kanisa halijafundisha hivyo. Kazi yangu ni kufundisha maadili na kuwaandaa wachumba, na nimewaona wanawake wakirudishwa kwao kwa jina la fundisho ambalo halipo. Mjadala wa mtazamo wa Kikristo na ule usiotegemea dini huwa unaanzia kwenye talaka au uzazi wa mpango, na huko kila upande umeshajipanga. Mimi naona kipimo kizuri zaidi ni nyumba isiyo na mtoto. Watoto wakiwapo, yeyote anaweza kusema familia ni kwa ajili ya watoto, na hakuna wa kumpinga. Wasipopatikana, kila mtazamo unalazimika kusema wazi ulikuwa unamaanisha nini.

Warumi wa kale walisimuliana habari za Spurius Carvilius Ruga, aliyemwacha mkewe miaka kama 230 hivi kabla ya Kristo kwa sababu hakuzaa. Walimhesabu kuwa Mrumi wa kwanza kutoa talaka ya namna ile. Wasimulizi wanakiri kwamba alimpenda mwanamke yule kwa tabia zake. Lakini alikuwa amekula kiapo mbele ya maofisa wa sensa kwamba anaoa ili apate watoto, naye akaona kiapo kina uzito kuliko mapenzi. Huo ndio mtazamo wa ukoo na dola ukiwa mtupu, bila pambo: mke ni njia ya kupata raia wapya na warithi.

Katika dunia iliyorithi fikra hizo, mnamo mwaka 401, askofu mmoja Mwafrika aliandika kitabu kidogo juu ya wema wa ndoa. Alikuwa Augustino, mzaliwa wa Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras nchini Algeria. Alitaja mema matatu ya ndoa: watoto, uaminifu, na kifungo kitakatifu kisichovunjika. Wahubiri wengi hukariri la kwanza wakaishia hapo. Kumbe Augustino mwenyewe anauliza: kama ndoa ingekuwa ya uzazi peke yake, tungewezaje kuwaita mume na mke wazee ambao umri wa kuzaa umewapita, au waliofiwa na watoto wao, au ambao hawakuzaa kamwe? Jibu lake ni kwamba ndoa ni nzuri pia kwa ajili ya usuhuba wenyewe wa mume na mke. Anakwenda mbali zaidi: kumwacha mke tasa ili uoe mwingine atakayekuzalia si halali kwa Mkristo, hata kama sheria za dunia zinaruhusu. Na huyu hakuwa mtu wa kulegeza mambo. Tendo la ndoa linalofanywa kwa tamaa tu, bila nia ya uzazi, aliliona kuwa ni kosa, ingawa dogo. Hata hivyo, mfano wake wa ndoa iliyokamilika ulikuwa Yosefu na Maria, ambao kwa imani ya kanisa hawakuingiliana.

Ni haki kusema kwamba kanisa halikuibeba hoja hii kwa uzito uleule nyakati zote. Mkusanyo wa sheria za Kanisa Katoliki wa 1917, katika kanuni ya 1013, uliweka kuzaa na kulea watoto kuwa lengo la kwanza la ndoa, na kusaidiana kukawa lengo la pili. Wamisionari waliowafundisha babu zetu katekisimu walilelewa katika mpangilio huo, na mtu akiambiwa "la kwanza" ni rahisi kusikia "la pekee." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliacha kupanga malengo kwa namba, ukasema wazi kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi tu, na kwamba thamani yake inabaki hata watoto waliotamaniwa sana wasipopatikana. Sheria mpya ya 1983 ikataja mema ya wanandoa na watoto pamoja. Kanuni yake ya 1084 ndiyo ninayowaomba wachumba waishike kichwani: kutoweza tendo la ndoa, kama kulikuwapo kabla ya ndoa na ni kwa kudumu, kunaibatilisha ndoa, kutozaa hakuizuii wala hakuibatilishi.

Upande wa Waprotestanti njia ilikuwa nyingine. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kilitoa sababu tatu za ndoa, watoto wakiwa wa kwanza na ushirika wa kufarijiana wa tatu, na maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1930 wakawa wa kwanza miongoni mwa makanisa makubwa kukubali, kwa masharti, kwamba wanandoa wanaweza kupanga uzazi kwa njia za kuzuia mimba. Martin Luther alikuwa na jambo tofauti la kusema. Mwaka 1522, akiwa bado hajaoa, aliandika kwamba baba anayefua nepi za mwanawe akachekwa na majirani kuwa amekuwa kama mwanamke, anachekewa kwa furaha na Mungu na malaika wake, mradi anafanya kazi ile kwa imani. Kwa Luther thamani ya familia ilikuwa katika utumishi wa kila siku: kufua, kupika, kuuguza, kufundisha sala. Miaka mitatu baadaye alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, wakapata watoto sita na kuzika wawili kati yao. Ukifuata hoja yake hadi mwisho, mume anayemuuguza mkewe mwenye kiharusi anatimiza lengo la familia sawasawa na yule anayebembeleza mtoto.

Biblia yenyewe, ukiisoma bila haraka, haimpi ukoo raha. Katika Samweli wa Kwanza, Elkana ana wake wawili, Penina mwenye watoto na Hana asiye nao. Siku ya dhabihu anampa Hana fungu la kumwonyesha upendo wake, na akimwona analia anamuuliza kama yeye mumewe hamfai kuliko wana kumi. Mahubiri yetu hurukia kwa Samweli aliyezaliwa baadaye, kana kwamba kisa kilikuwa kinamngoja. Lakini Hana alipendwa akiwa tasa. Katika Injili ya Marko, sura ya tatu, Yesu anaambiwa mama yake na ndugu zake wako nje wanamtaka, naye anawatazama walioketi karibu yake na kusema hao wafanyao mapenzi ya Mungu ndio mama na ndugu zake. Kwa Mkristo, basi, familia ya damu ni ya pili. Jambo hili linasahaulika sana siku hizi, "maadili ya familia" yanapohubiriwa kana kwamba ndiyo Injili nzima.

Walioliona haraka ni wazee wetu, na liliwaudhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bannabikira wa Bwanda, karibu na Masaka nchini Uganda, walikuwa miongoni mwa masista Waafrika wa kwanza katika ukanda huu, na baadaye mashirika kama hayo yakaenea Bukoba, Kilimanjaro na kwingineko. Binti aliyetaka usista alikuwa anauambia ukoo kwamba mahari yake haitapokewa na tumbo lake halitazaa, na kwamba maisha hayo ni kamili. Sijui kama kuna hoja ya Kikristo juu ya lengo la familia iliyowahi kutolewa hapa kwetu kwa ukali kuliko hiyo.

Sauti ya ukoo nayo isikilizwe kwa heshima, kwa sababu haikutokana na ukatili. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Ndoa, anasema, ni mahali wanapokutana waliokufa, walio hai na wasiozaliwa bado. Asiyeacha mzao ameukata mnyororo wa kumbukumbu, na hakuna wa kumtaja. Pahali pasipo pensheni, bima wala hospitali, mtoto alikuwa mikono ya shamba na akiba ya uzeeni. Ukoo uliodai watoto ulikuwa unadai kuishi.

Tena ukoo ulikuwa na dawa yake. Mke mkubwa asiyezaa alibaki nyumbani na cheo chake, mke mwingine akaletwa, na watoto wa mke mdogo wakamwita yule wa kwanza mama. Si dawa ninayoitetea. Penina na Hana wanatosha kutuonyesha maumivu yake. Lakini wamisionari walipoikataza ndoa ya wake wengi, waliondoa dawa bila kuondoa dai. Mkutano wa Lambeth wa 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aishi kwa sheria ya Kristo, na kwa wengi hilo lilikuja na maana ya kuwaacha wake wote isipokuwa mmoja. Ilichukua karne nzima. Lambeth ya 1988 ndiyo iliyoruhusu mtu kama huyo kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena, bila kulazimishwa kumwacha yeyote, jumuiya ya Waanglikana wa pale ikiridhia. Katikati ya miaka hiyo mia moja, mwanamke asiyezaa katika ndoa ya Kikristo ya mke mmoja alijikuta pabaya kuliko bibi yake: ukoo bado unataka mtoto, na nafasi ya mke ni moja tu. Hapo ndipo lugha ya ukoo ilipoingia kanisani ikavaa kanzu.

Sasa tuwasikie wasiotegemea dini. Kwa hesabu ya vichwa ni wachache katika Afrika Mashariki. Chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa mwaka 2016. Lakini mtazamo usiotegemea dini haukai katika vyama hivyo. Unakaa mahakamani, kliniki, shuleni na bomani. Katiba ya Tanzania inasema, katika ibara ya tatu, kwamba nchi haina dini. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na Katiba ya Kenya ya 2010 yanaiita familia kiini cha asili cha jamii bila kumtaja Mungu katika hoja hiyo. Chama cha UMATI, kilichoanzishwa mwaka 1959, kimewafundisha Watanzania kuhusu uzazi na malezi kwa hoja za afya, na mama wa Kilutheri, wa Kikatoliki na wa Kiislamu wameketi kwenye benchi moja kusikiliza. Karibu kila mmoja wetu, hata aendaye misa ya asubuhi kila siku, anaishi ndani ya mtazamo huo sehemu ya siku yake.

Mizizi yake ni mirefu. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba wanyama hukutana ili kuzaa, ila binadamu huishi pamoja kwa mahitaji yote ya maisha, mmoja akichangia asichokuwa nacho mwenzake. Aliona pia kwamba watoto hufunga ndoa na wasio nao huachana kwa urahisi. Lakini ninayempenda ni John Stuart Mill, Mwingereza. Mwaka 1851, alipokuwa anakaribia kumwoa Harriet Taylor, aliandika tamko rasmi la kupinga mamlaka ambayo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mwili na mali ya mkewe, akaahidi kutoyatumia kamwe. Katika kitabu chake cha 1869 juu ya kutiishwa kwa wanawake, alisema familia ya mabavu ni shule ya udikteta, na familia ya watu sawa ni shule ya fadhila ambazo raia huru atazihitaji nje. Yeye na Harriet hawakuzaa mtoto pamoja. Harriet alipofariki mjini Avignon, Ufaransa, mwaka 1858, Mill alinunua nyumba karibu na makaburi alimozikwa na kukaa humo sehemu ya kila mwaka mpaka naye akafa. Mtu asiyefuata dini alikuwa ameishi kile Augustino alichokiita usuhuba wa mume na mke.

Mistari haijipangi kama tunavyodhani. Bertrand Russell, aliyepinga Ukristo waziwazi, aliandika katika kitabu chake cha 1929 juu ya ndoa na maadili kwamba ndoa kama taasisi inahusu watoto. Penye watoto jamii ina haki ya kuuliza, pasipo watoto ni mambo ya wawili hao. Kwa hoja hiyo Russell yuko karibu na kanuni ya 1013 ya mwaka 1917 kuliko alivyo karibu na Mill. Augustino na Mill wanaketi upande mmoja wa meza. Mgawanyiko mkubwa, kwa maoni yangu, ni kati ya wanaoiona familia kuwa chombo cha kupatia kitu kingine, na wanaoona walio ndani yake ndio wanaotunzwa. Pande zote mbili zina waumini, na pande zote mbili zina wasioamini.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaonyesha jinsi majibu haya yanavyoweza kuishi nyumba moja. Ilitanguliwa na waraka wa serikali Na. 1 wa 1969, uliopendekeza sheria moja kwa Wakristo, Waislamu, wafuasi wa mila na wasio na dini. Kifungu cha 9 kinaifafanua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao yote. Uzazi haumo katika tafsiri hiyo. Kifungu cha 39 kinataja yanayoweza kuifanya ndoa itenguliwe, na mojawapo ni kutoweza tendo la ndoa wakati wa kufunga ndoa. Kutozaa hakumo. Kifungu cha 107 kinataja ushahidi wa ndoa iliyovunjika isiyorekebishika: uzinzi, ukatili, kutelekeza, kutengana kwa miaka mitatu, kifungo kirefu na mengine. Kutozaa hakumo tena. Weka vifungu hivyo kando ya kanuni ya 1084 ya Kanisa, uone jinsi sheria ya nchi isiyo na dini na sheria ya Roma zilivyopita njia moja. Mwanamume anayekwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata na lalamiko moja tu, kwamba mkewe hazai, hana sababu mbele ya serikali wala mbele ya altare.

Anachopaswa kuwa nacho ni majibu ya vipimo vyake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi wakati fulani maishani, na chanzo kinaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija ya mwanamke, na mara nyingi aliyeyaleta nyumbani ni mwingine. Mchungaji anayeombea tumbo la mke bila kumuuliza mume kama amepima anaufanyia kazi ukoo, tena bila kujua.

Hilo halina maana kwamba mitazamo miwili imekuwa mmoja. Inaachana kweli, na inaachana penye uzito. Asiyetegemea dini husema familia ni nzuri kwa kadiri inavyowatendea walio ndani yake, kwa hiyo inayoumiza inaweza kufungwa. Mkatoliki anasema kifungo hakitegemei kama kinafanya kazi vizuri leo. Kila jibu lina hatari yake, na nimeziona zote mbili. La kwanza, likishikwa na mtu mbinafsi, linamwacha mgonjwa kitandani kwa kuwa ndoa "hainipi furaha tena." La pili, likishikwa na mshauri mvivu, linamwambia mwanamke anayepigwa avumilie. Na mshauri huyo hata sheria ya kanisa lake haijui: kanuni ya 1153 inampa haki ya kuondoka mwanandoa ambaye roho au mwili wake umewekwa katika hatari kubwa na mwenzake.

Mitazamo hiyo inaachana pia kuhusu tiba ya uzazi wa maabara. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo, alizaliwa Oldham, Uingereza, mwaka 1978; miaka tisa baadaye Roma ikatoa waraka wa kukataa njia hiyo, kwa hoja kwamba mtoto ni zawadi na hakuna mwenye haki ya kumdai. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayana katazo hilo, na mwanamaadili asiye wa dini anauliza mengine: wahusika wameridhia kwa hiari, mtoto atatunzwa, na nani ataweza kulipa gharama? Sikubaliani na Roma katika katazo lote, lakini hoja yake ya zawadi inanigusa. Mtu anayeamini kwamba mtoto si haki ya mtu hana namna ya kumfukuza mke kwa kumnyima haki hiyo.

Kuhusu wazazi wazee mitazamo hiyo inakutana tena. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981, katika ibara ya 29, unampa kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake na kuwatunza wakiwa na shida. Yesu aliwakemea waliotumia sadaka ya hekaluni kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, mabibi waliozika watoto wao ndio waliobaki kulea wajukuu, na hakuna aliyesema hizo si familia.

Mtihani mgumu kwa mwanamke asiye na mtoto ni siku mumewe akifa. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za mila za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Soma sentensi hiyo ukiwa mwanamke asiye na mtoto. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni za namna hii zina ubaguzi, lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliopeleka shauri hilo. Kinyume chake, katika hukumu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikwisha kutamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama yule mwenyewe hakupata alichoomba katika rufaa ile, lakini kanuni iliyotoka humo imewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Ila hiyo ni ya wanaoachana wakiwa hai. Kwa mjane, ukoo bado una karatasi mkononi.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho cha mafundisho ya ndoa ninayotoa ni cha wosia na hati. Tunasoma mfano wa wosia ulioandikwa wazi, wenye mashahidi wasiorithi chochote, na naeleza kwamba unaweza kuhifadhiwa kwa wakala wa serikali, RITA, benki au kwa wakili. Tunaangalia hati ya kiwanja yenye majina ya mume na mke. Karibu kila darasa huwa na kijana anayenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, huku si kujitabiria mabaya?" Namjibu kwamba kama anaamini mwenzake ni familia yake hata asipozaa, ukoo hautalijua hilo kwa kulibahatisha, ulione limeandikwa. Fomu wanakwenda nazo nyumbani, na nawataka wazilete zimejazwa kabla ya tangazo la tatu la ndoa.